Mama Mzaa Mratibu

Mama yake Mratibu alikuja kwa siku tatu, akakaa siku kumi na tisa. Asubuhi ya siku ya tatu, begi likiwa limeshafungwa zipu na yeye ameshavaa viatu, milio ya risasi ilisikika upande wa mto. Kabla chai haijapoa, redio ikatangaza kwamba daraja limefungwa mpaka itakapotangazwa tena. Mama akavua viatu. Akafungua zipu.

"Basi nitafutie kazi," akamwambia binti yake. "Kukaa bure siwezi. Nitaanza kukupangia vyombo upya, halafu tutagombana."

Mratibu alijua huo haukuwa utani. Juzi yake alikuwa ametafuta chumvi nusu saa nzima, akaja kuikuta kwenye kopo lililoandikwa sukari kwa mwandiko wa mwalimu. Maana mama yake alikuwa mwalimu, tena wa darasa la kwanza, miaka thelathini na mmoja mfululizo. Alikuwa mfupi, mwenye miwani mizito, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu mzima kama anayetaka kuona kucha zake. Ndani ya siku mbili mtaa mzima ulikuwa unamwita Mwalimu.

Kazi ya Mratibu yenyewe ilikuwa ngumu kueleza. Vita vilikuwa vimesukuma watu elfu arobaini kwenye kambi kando ya mji ule mdogo, wengi wao wanawake, na baadhi yao walikuwa wamefanyiwa ukatili ambao hawakutaka hata kuutaja. Wa kuwasaidia walikuwapo. Kulikuwa na hospitali yenye dawa, polisi, wakili wa bure, na mashirika manne yenye mahema na magari. Mratibu ndiye aliyetakiwa kuwafanya hao wote wavute upande mmoja, ingawa hakuwa bosi wa yeyote. Hakuweza kumfukuza mtu wala kumpandisha cheo. Alichokuwa nacho ni simu mbili, kontena lililotobolewa madirisha likaitwa ofisi, na mkutano wa kila Jumatano. Wanawake wa kambini walimbandika jina la Mama Mikutano, na hawakuwa wakimsifu.

Ndani ya droo yake kulikuwa na karatasi moja yenye sentensi tatu. Mwanamke atibiwe kwanza. Aulizwe mara moja tu. Asitumwe huku na huku, wahusika wamfuate yeye alipo. Karatasi hiyo ilikuwa na nafasi tatu za sahihi, na kwa miezi minane zote zilikuwa tupu.

Jumatano hiyo Mwalimu aliingia kwenye mkutano, akachagua kiti cha nyuma kabisa, akatoa uzi na sindano yake ya kufuma. Mbele walikuwa wamekaa watu wanne. Daktari ndiye aliyekuwa mkuu wa hospitali, mwembamba, shati jeupe pee. Mkuu wa kituo cha polisi kila mtu alimwita Afande. Wakili alikuwa kijana wa sauti nzito aliyependa kutazama saa. Wa nne alikuwa Mshonaji, mwanamke aliyekimbia vita na cherehani kichwani, ambaye wanawake wa kambini walimchagua awasemee. Alikuja kwenye mikutano na utepe wa kupimia shingoni, kama aliyechomoka kazini dakika moja tu.

"Mimi sitamgusa mtu kabla sijaona fomu ya polisi," alisema Daktari. "Kesho nikiitwa mahakamani nitajibu nini?"

"Na mimi nitatoaje fomu kabla daktari hajaniandikia kwamba kuna tatizo?" alijibu Afande. "Nijaze nini humo ndani, hadithi?"

"Mimi nawasubiri ninyi wawili," alisema Wakili, akatazama saa.

Mshonaji aliomba kusema. "Kuna dada mmoja, sitamtaja. Miezi mitatu iliyopita alitoka kambini Jumatatu asubuhi. Polisi wakamtuma hospitali, hospitali wakamrudisha polisi. Alipigwa danadana mpaka Ijumaa. Ile dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi inatakiwa ianze ndani ya siku tatu, na ninyi ndio mliotufundisha hivyo. Juzi amepimwa, ni mzima, tumshukuru Mungu. Lakini hapo hakuna aliyefanya kazi yake. Ilikuwa bahati tu."

Kisha Daktari akasema ni kweli inasikitisha, Afande akasema ni kweli kabisa inasikitisha, na dakika mbili baadaye walikuwa wamerudi kulekule kwenye fomu. Mkutano ukafungwa kwa makubaliano kwamba wakutane tena.

Jioni hiyo mama na binti walikuwa jikoni, mmoja anaosha sahani, mwingine anafuta.

"Yule mwenye shati jeupe," alisema Mwalimu, "kila mwaka nilikuwa na mtoto kama yeye. Anakusanya penseli zote mezani kwake. Ukimwuliza, anasema anazilinda zisiibiwe."

Mratibu alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Si mtu mbaya, mama. Anafanya operesheni sita kwa siku. Afande naye si mbaya. Kila mmoja anaogopa kulaumiwa."

"Sikusema wabaya. Nimesema darasa la kwanza. Unajua nilivyokuwa nafundisha 'mbali' na 'karibu'? Mwaka wa kwanza nilichora ubaoni. Nyumba hapa, mti kule. Wakaimba wote, mbali, karibu, wala hawakuelewa kitu. Mwaka wa pili niliwatoa nje nikawatembeza mpaka kisimani na kurudi. Hakuna aliyesahau."

"Hawa ni watu wazima."

"Ndiyo maana wewe itakuchukua muda mrefu zaidi."

Mratibu alibaki ameshika sahani inayochuruzika maji. Akilini alikuwa anaiona njia yote, kutoka lango la kambi, kituo cha polisi, hospitali, polisi tena, hospitali tena, mpaka ngazi za Wakili. Aliwahi kuipima kwa gari. Kwa mguu hajawahi hata siku moja, na wazo hilo lilimchoma.

"Kutembea hakutoshi," alisema taratibu. "Kinachowachosha wale dada si miguu tu. Ni kusema. Kila meza unaanza upya, mbele ya mtu usiyemjua, na nyuma yako kuna foleni inasikiliza." Akaweka sahani chini. "Mama, ngoja. Ngoja kidogo."

Akafuta mikono kwenye gauni na kwenda kutafuta kalamu.

Jumatano iliyofuata hakuna aliyepanga viti kwenye kontena. Ilikuwa saa nane mchana, muda ambao hospitali na kituo vinakuwa vimepungukiwa watu, ili asije akacheleweshwa mtu mwenye shida ya kweli. Makarani wa kila meza walikuwa wameshaelezwa: wafanye kazi kama kila siku, wasimpendelee mtu.

Daktari alikuja na viatu vyeusi vinavyong'aa. Afande aliambiwa asivae sare, akaja na shati la maua makubwa mekundu. Dereva wa ofisi alimnong'oneza Mratibu, "Kumbe Afande ana shingo." Wakili alikuja, akatazama saa. Mwalimu alikuwa ameshika daftari la mahudhurio, na filimbi ilining'inia kifuani.

"Kila mmoja," alisema Mratibu, "aandike jambo moja la kweli kuhusu yeye mwenyewe, ambalo hakuna mtu hapa mjini analijua. Liwe dogo, lisiwe la kuumiza. Liwe lile tu ambalo ungependa libaki lako. Kila meza tutakayofika utaulizwa shida yako, na hilo ndilo utakalosema. Mimi pia natembea, na mimi pia nimeandika."

"Na nikikataa kusema?" aliuliza Wakili.

"Huhudumiwi," alijibu Mshonaji. "Unarudi nyuma ya foleni. Twendeni, mimi ndiye ninayeijua njia."

Mwalimu akapuliza filimbi. "Wawili wawili! Na hakuna kuongea na aliye mbele."

Meza ya kwanza ilikuwa kwenye lango la kambi, pembeni ya bomba la maji. Karani wa pale alikuwa binti mchangamfu, mwenye kalamu nyuma ya sikio.

"Jina? Umri? Shida yako?"

Afande aliinama. "Naogopa vyura," alisema kwa sauti ya chini.

"Unaogopa nini?"

"Vyura."

"Sema kwa sauti, baba. Hapa kuna jenereta."

"VYURA!" alinguruma Afande, na wakati huohuo jenereta likazima. Wanawake kama ishirini waliokuwa kwenye bomba wakageuka. Ndoo moja ilifurika bila mwenyewe kuiona. Shingo ya Afande ilianza kufanana na maua ya shati lake.

Zamu ya Wakili ilipofika alijikohoza, akakiri kwamba hajui kuendesha baiskeli. Daktari akasema, harakaharaka kama anayemeza dawa chungu, kwamba siku ya kwanza kushuhudia mtoto akizaliwa alizimia, akaangukia ndoo. Mratibu alikuwa wa mwisho.

"Shida yako?"

"Nachukia mikutano," alisema Mratibu.

Mshonaji alicheka mpaka akajishikilia kwenye meza. "Wewe? Mama Mikutano mwenyewe?"

"Tangu siku ya kwanza."

Kutoka pale mpaka kituo cha polisi ni mwendo wa dakika ishirini na tano kwa mtu mwenye afya, barabara ya vumbi isiyo na kivuli. Mshonaji alitembea mbele, hatua fupifupi za mtu aliyeizoea safari. Kituoni koplo wa zamu alimwona bosi wake, akaruka juu na kupiga saluti.

"Koplo," alisema Mwalimu, "leo huyu si afande. Ni mtu mwenye shida. Fanya kazi yako."

Koplo akakaa, akavuta daftari. Ikabidi Afande aseme kuhusu vyura mbele ya benchi lenye watu saba, mmoja wao akiwa amekuja kuripoti mbuzi aliyepotea. Koplo aliandika akiwa ameuma midomo, machozi yanamlengalenga. Halafu, kama alivyozoea kumwambia kila mtu, akasema, "Nenda hospitali kwanza, ulete barua ya daktari."

Hospitali ni dakika nyingine kumi na tano. Kwenye dirisha la mapokezi karani wa Daktari hakuinua hata kichwa.

"Fomu ya polisi?"

"Sina," alisema Daktari.

"Bila fomu hatukupokei. Ni utaratibu."

"Utaratibu huo niliuweka mimi!"

"Basi unaujua," alisema karani, akafunga dirisha.

Wakarudi polisi. Sasa hakuna aliyekuwa anapanga mstari wa wawili wawili. Daktari alikuwa anachechemea, na vumbi lilikuwa limeshamaliza kazi kwenye viatu vyake. Koplo alitazama mikono yao mitupu.

"Barua ya daktari iko wapi?"

"Daktari ni mimi!" alifoka Daktari.

Koplo alimgeukia Mwalimu kwa macho ya kuomba ushauri. Mwalimu akatikisa kichwa.

"Leo si wewe," alisema Koplo kwa upole.

Ilibidi Mratibu aingilie kati, akamwomba Koplo atoe fomu, la sivyo wangelala njiani. Wakarudi hospitali. Dirishani wakaulizwa shida zao. Wakasema. Wakaelekezwa chumba namba nne, na huko muuguzi mpole mwenye kitabu kipya akafungua ukurasa mweupe.

"Shida yako ni nini?"

Daktari alisimama. Jasho lilikuwa limechora ramani mgongoni. "Hapana," alisema. "Nimeshasema. Nimesema langoni, nimesema polisi, nimesema dirishani mbele ya wafanyakazi wangu mwenyewe. Imeandikwa mara tatu! Kwa nini nirudie? Someni! Si mmeandika? Mimi sirudii tena, bora niende nyumbani."

Hakuna aliyecheka. Mahali fulani koridoni toroli lilikuwa linasukumwa, gurudumu lake moja linalia.

Mshonaji alizungusha utepe wake kidoleni. Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja kipimo cha kiuno.

"Na hilo lako, Daktari, ni la kuchekesha."

Daktari akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, na kwa muda alionekana kama mtu aliyekiona chumba kile kwa mara ya kwanza. Palikuwa na mlango usiofungika vizuri, dirisha linalotazama koridoni, na kiti kimoja katikati kama kizimba.

Mshonaji hakuwaruhusu waishie pale. Safari ilibaki na kituo kimoja, ofisi ya Wakili, ghorofa ya pili, ngazi thelathini na nane. Juu kabisa walikuta mlango umefungwa na karatasi imebandikwa: NIMETOKA KIDOGO. RUDINI KESHO.

"Huo mwandiko wa nani?" aliuliza Mwalimu.

"Wa karani wangu," alisema Wakili kwa sauti ambayo haikuwa nzito tena. "Amekwenda kunywa chai."

Afande ndiye aliyeanza. Kicheko chake kilitokea mbali, kikapanda, kikamtoa machozi, kikamwambukiza Wakili, kisha Daktari, mpaka wote sita wakaishiwa nguvu na kukaa kwenye ngazi wameshika mbavu. Daktari alivua viatu. Kisigino kilikuwa kimechubuka vibaya. Mshonaji akatoa plasta kwenye pochi.

"Huwa natembea nazo," alisema. "Kwa ajili ya hii njia."

Daktari alijibandika plasta polepole. "Wakili," alisema bila kuinua uso, "sheria inaniruhusu kumtibu mtu bila fomu?"

"Inakuruhusu. Tangu zamani. Fomu ni ya kesi, dawa ni ya mtu."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Hukuwahi kuniuliza. Ulikuwa unabishana na Afande."

Afande alijifuta macho kwa kiganja. "Na hiyo fomu, kwani ina miguu mifupi kuliko ya mwanamke? Nina askari wa kike wawili. Wanaweza kuileta hospitali, bila sare, mwenyewe akitaka. Asipotaka, basi."

Mratibu alikuwa na ile karatasi yake ndani ya mkoba. Hakufanya hotuba. Aliitoa tu. Wakili aliinama, wakaitandika mgongoni kwake, na Daktari akatia sahihi, kisha Afande. Halafu ikabidi Afande ainame ili Wakili naye asaini. Mwalimu akafungua daftari la mahudhurio na kuweka tiki mbele ya kila jina.

Sasa shughuli ikawa ya kutafuta chumba kimoja cha kuwapokea wanawake hao. Daktari alitoa stoo ya mashuka iliyokuwa na mlango wa pembeni, unaotazama kamba za kuanikia nguo. Mshonaji aliupenda papo hapo.

"Mtu akionekana anaingia huku, anayemwona atasema amekuja kuchukua nguo," alisema. "Hapa ndipo."

Wanawake wa kambini waliulizwa rangi ya ukuta. Walikataa nyeupe, kwa sababu ni ya hospitali, na bluu, kwa sababu ni ya mahema. Wakataka njano, tena njano iliyokolea. Jumamosi walikuja kupaka wenyewe, wakiimba, na Afande akaja na shati lake la maua kupaka sehemu za juu zisizofikiwa na wengine. Mwalimu alisimama mlangoni akisahihisha. "Pale kona, mwanangu, umeruka. Hapana, juu kidogo. Vizuri sana." Afande aliposikia "vizuri sana" alitabasamu kama aliyepewa nyota. Mshonaji alishona mapazia mazito, akadai mlango uwe na kitasa kinachofungwa kwa ndani, na mwenye kukifunga awe mgeni, si mwenyeji.

Ilibaki nafasi ya mtu wa kumpokea anayeingia. Tangazo lilibandikwa, watu tisa wakaomba, baadhi yao wenye shahada. Mratibu alimfuata Mshonaji kwenye cherehani lake.

"Kwa nini hujaomba?"

"Mimi sina cheti."

"Mafunzo ni miezi mitatu, utajifunza ukiwa kazini, nitakufundisha mwenyewe. Omba. Sikuahidi utapata, nakwambia uombe."

Aliomba. Siku ya usaili alikaa mbele ya Daktari, Mratibu na yule muuguzi mpole wa chumba namba nne, mikono imetulia mapajani. Swali la kwanza aliuliza Daktari, lilelile alilowauliza wote tisa: mtu akiingia, utamwuliza nini kwanza? Waliotangulia walitaja jina, umri, tarehe ya tukio.

"Nitamwuliza kama anapenda kukaa au kusimama," alisema Mshonaji. "Halafu nitanyamaza. Mimi nikimpima mtu nguo, huwa anavuta pumzi. Ukiandika hapohapo umekosea, gauni litambana. Unasubiri aiachie mwenyewe. Ndipo unaandika."

Daktari alichukua kalamu akaandika maneno hayo, yote. Kisha akawatazama wenzake. "Tunaendelea kuuliza maswali mengine kwa sababu gani?"

Chumba kilifunguliwa Jumatatu, siku ya kumi na saba ya Mwalimu. Hakukuwa na utepe wa kukata, wala wapiga picha. Mratibu alikuwa amekataa yote hayo, na alijikataza hata yeye mwenyewe kwenda. Asiyehitajika asiwepo, ndivyo walivyokubaliana. Alikaa kwenye kontena na mama yake, simu mezani katikati yao.

Saa nne na dakika kumi simu ikalia mlio mfupi. Ujumbe wa Mshonaji ulikuwa na maneno mawili: *Mgeni kaingia.*

Mratibu alisimama, akakaa. Akafungua kompyuta, akaifunga. Mwalimu alifuma mistari mitatu, akagundua amekosea, akafumua. Feni lilizunguka. Nje, dereva alikuwa anaosha gari, akapunguza redio bila kuambiwa.

"Kule sasa hivi nani anamwuliza maswali?" alinong'ona Mwalimu.

"Mmoja tu."

"Na daktari?"

"Yupo chumba cha pili. Mshonaji ndiye anayemweleza, haulizi tena."

Dakika zilikwenda kwa magoti. Saa tano kasoro dakika tano simu ikalia tena. Mratibu aliisoma kimyakimya, kisha akaisoma kwa sauti.

"Katoka. Dawa kapata, kameza ya kwanza palepale. Ni siku ya kwanza tu tangu tukio. Kuhusu polisi kasema hataki leo, labda kesho, tumemwambia sawa. Dada yake kaja kumchukua. Kanywa chai vikombe viwili, kauliza pazia kashona nani."

Dakika arobaini na tano. Mlango mmoja. Mara moja tu. Mratibu aliyejulikana mji mzima kwa upole wake alipiga ukelele uliomfanya dereva aangushe ndoo. Alimnyanyua mama yake, kiti, uzi na vyote, akamzungusha mpaka kontena likatikisika kama linataka kuondoka.

"Nishushe! Wewe mtoto, nishushe, nina miaka sabini!"

"Mama, vikombe viwili! Umesikia? Kanywa vikombe viwili!"

"Nimesikia, kifungua mimba wangu. Nimesikia." Mwalimu alikuwa ameshika miwani kwa mkono mmoja na uso wa bintiye kwa mkono mwingine, naye analia huku meno yote nje. Simu ya pili ikaita. Alikuwa Afande, anataka kujua kama ni kweli. Kabla hajakata, Wakili akapiga. Daktari hakupiga. Alikuja mwenyewe, kwa miguu, ameshika mkate mzima chini ya kwapa. Alisimama mlangoni, akauweka mkate mezani, na wakaukata kwa rula kwa sababu hakukuwa na kisu.

Daraja lilifunguliwa siku ya kumi na tisa. Kituo cha magari kilikuwa kimejaa, na Mwalimu aliagwa kama kiongozi. Wanawake wa kambini walikuja na ngoma ya debe, Koplo alibeba begi. Mratibu alimkumbatia kwa muda mrefu.

"Nenda kazini," alisema Mwalimu kwenye sikio lake. "Leo ni Jumatano."

Mkutano wa siku hiyo ulichukua dakika ishirini na tano, haijapata kutokea. Walikuwa karibu kuufunga dereva alipochungulia dirishani kusema kuna wageni nje. Walikuwa saba, kutoka mji wa pili ng'ambo ya mto, wamewahi gari la kwanza baada ya barabara kufunguka. Kulikuwa na daktari mwanamke, polisi wawili, muuguzi, na wengine. Habari za chumba cha njano ziliwafikia, walisema, na wao kwao wanawake wanazungushwa vilevile. Mratibu angeweza kuwaeleza jinsi kinavyofanya kazi?

Mratibu aliwatazama, akamtazama Mshonaji, ambaye sasa alikuwa na kitambulisho shingoni juu ya utepe wake wa kupimia.

"Muulizeni huyu," alisema.

Mshonaji alisimama, akajinyoosha mgongo. Aliwagawia wale saba karatasi na kalamu, akawaambia waandike jambo moja dogo la kweli, kisha akatangulia kutoka. Walipofika barabarani mmoja wa polisi wageni alikuwa tayari anabembeleza abadilishe alichoandika, na Mshonaji anamkatalia, na wengine wanacheka. Mratibu alifunga kontena, akatia ufunguo mfukoni, akakaza mwendo ili asiachwe nyuma.